Historia ya sanaa ya dunia kwa anayejisomea: upange kwa miaka, kwa maeneo au kwa mada?

Mwanafunzi wa sekondari anayejisomea historia ya sanaa ya dunia hana mwalimu wa kumwambia leo tunaanzia wapi. Wengi hufungua video ya kwanza inayojitokeza, wakafuata inayopendekezwa baada yake, na miezi miwili baadaye daftari limejaa Italia bila ukurasa hata mmoja kuhusu Java, Benin au visiwa vya Pasifiki. Anayeanza bila mpangilio huangukia ule uliozoeleka, na katika fani hii uliozoeleka ni ule unaoifanya Ulaya kuwa shina na dunia nyingine kuwa matawi.

Ndiyo maana swali la mpangilio linatangulia swali la kitabu au tovuti. Kazi ileile ikisomwa baada ya kazi fulani inakuwa na maana moja, ikisomwa baada ya nyingine inakuwa na maana nyingine, kabla hata hujasoma maelezo yake. Njia zinazotumika ni tatu: kufuata miaka, kufuata maeneo, au kufuata mada. Kila moja inakupa kitu ambacho nyingine haziwezi, na kila moja ina mahali pake pa kuvunjika.

Kipimo tunachotumia

Ulinganisho bila kipimo ni maneno matupu, kwa hiyo tunatumia orodha moja: kazi 250 za AP Art History, kozi ya ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa sekondari inayotolewa na shirika la College Board, Marekani. Iko wazi kwa yeyote, hata asiyekusudia kufanya mtihani huo. Ina mafungu 10: dunia kabla ya maandishi (kazi 11), Mediterania ya kale (36), Ulaya ya awali na Amerika ya wakoloni (51), Ulaya na Amerika za baadaye (54), wenyeji wa Amerika (14), Afrika (14), Asia Magharibi na ya Kati (11), Asia Kusini, Mashariki na Kusini-Mashariki (21), Pasifiki (11) na sanaa ya leo ya dunia nzima (27).

Jumlisha mwenyewe. Mafungu mawili ya Ulaya na Amerika yana kazi 105, na ukiongeza Mediterania ya kale unafika 141. Orodha inajiita ya dunia na kweli inaizunguka dunia, lakini uzito wake uko upande mmoja. Anayejisomea asipolijua hilo mapema atadhani idadi ya kazi ndiyo thamani ya eneo.

Hesabu ya muda nayo ni muhimu. Kazi moja ikipewa dakika 35, kazi 250 zinakula takriban saa 146. Ukizigawanya kwa wiki 30 unapata kazi 8 au 9 kwa wiki, karibu saa 5. Mwenye wiki 15 tu angehitaji karibu saa 10 kila wiki juu ya masomo mengine yote. Huyo tunamshauri achague kazi 80 hadi 100 azijue vizuri kuliko kuzikimbilia zote 250.

Kufuata miaka

Njia hii huanza na picha za mawe ya pango la Apollo 11, Namibia, zilizochorwa zaidi ya miaka 25,000 iliyopita, na kuishia kwa wasanii walio hai. Inafahamika haraka, haihitaji maandalizi, na ina nguvu moja ambayo njia nyingine zinaikosa: inaonyesha kwa nini kitu kiliwezekana.

Chukua kuba. Pantheon ya Roma, iliyojengwa karibu 118–125 BK, ina kuba la zege lenye upana wa takriban mita 43, limeketi juu ya ukuta wa duara. Hagia Sophia, 532–537, ilitaka kuba kubwa juu ya nafasi ya mraba. Anthemius wa Tralles na Isidorus wa Miletus wakajenga pembetatu nne zilizopinda, zinazoanzia kwenye pembe za mraba na kukutana juu katika duara, uzito wote ukashuka kwenye nguzo nne kubwa. Miaka elfu moja baadaye Sinan, msanifu wa Milki ya Osmani, akiujenga msikiti wa Selim II huko Edirne, Uturuki, kati ya 1568 na 1575, alijipima na jengo hilohilo: kuba lake lina upana wa takriban mita 31, karibu sawa na la Hagia Sophia, lakini amelibeba kwa nguzo nane, ndiyo maana ukiwa ndani unauona ukumbi mzima kwa mtazamo mmoja. Mwanafunzi aliyezisoma kazi hizi tatu kwa mfuatano hahitaji kukariri nguzo nane. Anajua zilitoka wapi.

Sasa ubovu wake. Tarehe iliyoandikwa kwenye lebo ni ya kitu, wala si ya desturi iliyokizaa. Mbao hazidumu karne nyingi penye unyevu na mchwa, kwa hiyo vinyago na sanamu nyingi za mbao za Afrika zilizobaki makumbushoni ni za karne ya 18, 19 na 20. Ukifuata miaka, utapita Misri ya kale, kisha utakaa karne nyingi barani Ulaya, halafu wachongaji wa Wakuba na Wachokwe wa Afrika ya Kati na Wabaule wa Côte d'Ivoire watajitokeza mwishoni, jirani na Picasso, aliyechora nyuso zinazofanana na vinyago mwaka 1907, kana kwamba walianza kuchonga ili yeye apate cha kutazama. Hakuna sentensi iliyosema hivyo, lakini mpangilio umekwisha kuisema.

Kuna pia kazi zisizokubali tarehe moja. Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, ulianzishwa karibu 1200, jengo la sasa ni la 1906–1907, na udongo wake hupakwa upya mwaka hadi mwaka. Uuweke wapi? Hagia Sophia ilikuwa kanisa, ikawa msikiti 1453, ikawa makumbusho katika miaka ya 1930, ikarudi kuwa msikiti 2020. Anayefuata miaka huiandika mara moja, katika karne ya 6, akaiacha hapo.

Anayejisomea huchokea wapi katika njia hii? Kati ya 1400 na 1750 Ulaya. Kazi zinafanana kwa mbali, majina ni mengi, na hakuna badiliko la eneo la kumwamsha. Waliokata tamaa wengi hukwama hapo hapo, si mwanzoni.

Kufuata maeneo

Hapa unakaa Afrika wiki mbili, unakwenda Pasifiki, unahamia Asia Kusini, na kadhalika. Ndani ya kila eneo unafuata miaka kadiri inavyowezekana.

Faida yake unaiona ukisoma kazi 14 za Afrika pamoja. Kinyago cha chama cha Sande cha Wamende, chenye weusi unaong'aa na mikunjo shingoni, huvaliwa na wanawake. Mwana pwo wa Wachokwe anaonyesha mwanamke, lakini anayemcheza ni mwanamume. Kinyago cha Mblo cha Wabaule kilichochongwa na Owie Kimou mwanzoni mwa karne ya 20 ni sura ya mtu aliyejulikana kwa jina, Moya Yanso. Ukizipata hizi tatu ndani ya wiki moja, neno kinyago linaacha kuwa kitu kimoja cha kutundikwa ukutani: kuna vazi, kuna ngoma, kuna nani anaruhusiwa kuvaa, na kuna siku ambayo hakitolewi kabisa. Ukizitawanya miezi sita, kila kimoja kitabaki uso wa mbao.

Au chukua Pasifiki, fungu ambalo wengi huliacha mpaka mwisho kwa sababu ni dogo. Ramani za vijiti za visiwa vya Marshall zinaonyesha jinsi mawimbi yanavyopinda yakikaribia visiwa. Makombe ya baharini yaliyofungwa juu yake ni visiwa vyenyewe. Baharia aliisoma ramani akiwa nchi kavu, akaikariri, akaondoka bila kuibeba. Karibu kila kitu katika fungu hilo kinahusu bahari, ukoo na zawadi, na ukilikalia siku kumi mfululizo utaziona nyuzi hizo bila kuambiwa.

Kasoro kubwa ya njia hii ni mipaka, kwa sababu sanaa haikai ndani yake. Vyombo viwili vya kaure vinavyoitwa David Vases vilitengenezwa Jingdezhen, China, 1351, lakini madini ya rangi yake ya buluu yalitoka Iran. Msikiti Mkuu wa Córdoba, ulioanza kujengwa 785–786, uko Hispania, na orodha ya AP imeuweka katika fungu la Ulaya ya awali. Anayesoma Asia Magharibi peke yake hatakutana nao, wala hataona matao yake mekundu na meupe yanavyozungumza na Msikiti Mkuu wa Damascus. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: kila kazi ya aina hii iandikiwe kadi mbili, moja kwa kila eneo, na kila kadi itaje nyingine.

Kasoro ya pili ni kusahau. Aliyemaliza Afrika wiki ya 4 na hajairudia mpaka wiki ya 20 amebaki na mabaki tu. Hii haiponi yenyewe. Tutaitengea dakika zake hapo chini.

Kufuata mada

Unachagua mada kama mamlaka, kifo, ibada, mwili au biashara, kisha unakusanya kazi kutoka kila upande wa dunia. Inavutia kuliko zote, na kwa mwanafunzi anayejisomea ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Tukae nayo kidogo.

Mfano wa mamlaka: sanamu ya Augustus, kaizari wa kwanza wa Roma, iliyopatikana Prima Porta, na ndop (sanamu ya kifalme) ya mfalme Mishe miShyaang maMbul wa Wakuba. Zote ni sanamu za watawala, na zote mbili hazikukusudia kuonyesha uso jinsi ulivyokuwa. Augustus aliishi karibu miaka 76, lakini katika marumaru ni kijana asiyezeeka, peku kama mungu. Deraya yake ina Waparthi wakirudisha bendera za Roma, jambo la mwaka 20 KK, na mguuni yuko Kupido, mwana wa mungu wa kike Venus, juu ya pomboo kukumbusha kwamba ukoo wake ulidai kutokana na Venus. Ndop, iliyochongwa kwa mbao karibu 1760–1780, ina uso mtulivu unaofanana na wa ndop nyingine. Ni mfalme gani? Jibu liko kwenye alama iliyo mbele yake, iitwayo ibol: kwa Mishe miShyaang maMbul ni ngoma yenye mkono uliokatwa.

Ukizilinganisha hivi unajifunza jambo ambalo kila sanamu peke yake isingekufundisha: utambulisho wa mtawala unaweza kukaa kwenye uso uliorembeshwa au kwenye kitu kilicho mbele yake. Hiyo ni elimu ya kweli, na ndiyo mitihani inayouliza.

Lakini angalia kinachoweza kuharibika. Kwenye skrini sanamu hizi zina urefu sawa. Augustus anazidi mita 2. Ndop ina takriban nusu mita. Ya kwanza inakutazama kutoka juu. Ya pili ilitunzwa karibu na mfalme na kupakwa mafuta kwa mikono. Anayesoma kwa mada huandika "zote zinaonyesha mamlaka" akaridhika, na sentensi hiyo haina thamani yoyote kwa sababu inaweza kuandikwa kuhusu kazi mia moja. Mada inasawazisha. Inakupa ufanano bure, na tofauti unatakiwa kuzitafuta mwenyewe, jambo ambalo mwenye mwalimu hulazimishwa kulifanya na asiye naye husahau.

Hatari ya pili ni kukosa sakafu. Asiyejua bado Roma ilikuwa lini, wala Wakuba waliishi wapi, hana mahali pa kutundikia hizo tofauti. Atakumbuka ngoma na pomboo, atachanganya karne. Njia ya mada inamtaka mtu awe na kazi 60 au 70 kichwani kwanza. Chini ya hapo inageuka kuwa mkusanyiko wa picha nzuri.

Njia hii inang'aa kuliko zote kwenye sanaa ya leo, kwa sababu wasanii wenyewe wanafanya kazi kwa ulinganisho. Yinka Shonibare alitengeneza mwaka 2001 toleo lake la picha ya bembea ya Mfaransa Fragonard ya 1767, akamvisha mwanamke asiye na kichwa vitambaa vya aina tunayoiita vitenge. Vitambaa hivyo chimbuko lake ni batiki ya Java, vikatengenezwa kwa mashine Uholanzi, vikauzwa Afrika Magharibi mpaka vikahesabiwa kuwa vya Kiafrika. Hakuna njia ya miaka wala ya maeneo inayoweza kuibeba kazi hii vizuri; inadai ziwe mezani Java, Uholanzi, Afrika Magharibi na Ufaransa kwa pamoja.

| Njia | Unachopata mapema | Inapovunjika | Inamfaa |
|---|---|---|---|
| Miaka | Visababishi, ufundi unavyokua | Ulaya inakuwa shina. Uchovu wa 1400–1750 | Anayependa majengo na ufundi |
| Maeneo | Muktadha, dhima ya kitu | Mipaka ya uongo. Kusahau | Anayeanza bila msingi wowote |
| Mada | Insha za ulinganisho | Ufanano mtupu. Tarehe kuchanganyika | Mwenye kazi 60 au zaidi kichwani |

Kama kuna mtihani mbele

Mtihani wa AP hufanywa Mei, kwa muda wa saa tatu. Sehemu ya kwanza ina maswali 80 ya kuchagua kwa dakika 60. Sehemu ya pili ina maswali 6 ya kuandika kwa dakika 120: insha ya ulinganisho inayokadiriwa dakika 35, insha ya uchambuzi dakika 25, na maswali manne mafupi ya dakika 15 kila moja. Kila sehemu ina nusu ya alama. Kati ya maswali mafupi, moja linakuonyesha kazi ambayo haimo kwenye orodha na kukutaka useme ni ya msanii, utamaduni au mtindo gani, ukitaja ushahidi unaouona. Hapo aliyekariri majina 250 hana msaada, na aliyekaa na eneo moja kwa wiki mbili analitambua kwa jicho. Kwa AP, msingi wa maeneo unashinda.

Anayejisomea nje ya shule yenye kozi hiyo ni lazima atafute shule inayokubali kumsajili kama mtahiniwa wa nje. Maombi hufungwa miezi mingi kabla ya Mei, kwa kawaida Novemba, na hili huwanasa watu wengi waliojiandaa vizuri.

A Level ya historia ya sanaa ya Pearson Edexcel, bodi ya mitihani ya Uingereza, imejengwa tofauti kabisa: karatasi mbili za saa tatu kila moja. Ya kwanza ni uchambuzi wa kutazama pamoja na mada mbili kati ya tatu (maumbile, utambulisho, vita). Ya pili ni vipindi viwili kati ya vitano. Mada zinadai kazi za kabla na za baada ya 1850, na kazi kutoka nje ya mkondo wa Ulaya. Vipindi vyenyewe ni vya Ulaya na Marekani tu, kuanzia Italia ya 1420–1520 hadi sanaa ya Uingereza na Marekani ya 1960–2015. Kwa anayetaka dunia, AP ni pana zaidi. Kwa anayependa kuzama kwenye mambo machache na kuandika insha ndefu, Edexcel inamfaa, na huyo ataanza na mada mapema kuliko tulivyoshauri hapo juu, mradi awe na mstari wa miaka ukutani.

Asiye na mtihani ana uhuru, na uhuru huo ndio unaomwangusha. Ajiwekee tarehe ya mwisho na idadi ya kazi, hata kama ni 60 tu.

Vyanzo vya bure, kwa ufupi

Smarthistory, iliyoanzishwa 2005 na Beth Harris na Steven Zucker, ina video za mazungumzo na makala fupi za wataalamu, na inagusa orodha nzima ya AP. Ni mahali pazuri pa kuanzia kila kazi. Tatizo lake ni utamu: video ya dakika sita inakufanya uhisi umeelewa, na kesho huwezi kusema hata malighafi ni nini. Kitu kilekile hutokea kwa masomo yaliyomo Khan Academy.

Heilbrunn Timeline ya makumbusho ya The Met, New York, iliyoanza 2000, ina makala za vipindi, maeneo na mada, hivyo inafuata njia yoyote utakayochagua. Inategemea zaidi vitu vilivyomo The Met, kwa hiyo majengo yana nafasi ndogo. Google Arts & Culture inafaa kwa jambo moja hasa: kukuza picha mpaka uone mpasuko wa rangi.

Chanzo kinachopuuzwa ni ukurasa wa kitu kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Hapo kuna vipimo kwa sentimita, malighafi iliyothibitishwa, na mara nyingi historia ya umiliki. Usiiruke hiyo ya mwisho. Mabamba ya shaba ya ufalme wa Benin (Nigeria ya leo) yaliyotawanyika katika makumbusho mengi yaliondolewa kwenye jumba la Oba, yaani mfalme, na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Mwanafunzi asiyejua hivyo anachambua bamba kana kwamba lilitengenezwa likae ndani ya kabati la kioo, wakati lilipigiliwa kwenye nguzo za jumba pamoja na mengine mamia.

Dakika 35 za kazi moja

Njia yoyote utakayochagua, hatua ni zilezile, na mpangilio wake ndio unaofanya kazi.

Dakika 5 za kwanza tazama picha bila kusoma chochote. Ichore kwa penseli, hata vibaya, kwenye nafasi ndogo kama kiganja. Mkono unalazimisha jicho kuona mguu uko wapi na mwanga unatoka upande gani. Anayesoma maelezo kwanza huona alichoambiwa tu, na kwenye swali la kazi asiyoijua hana la kuandika.

Kisha tafuta vipimo na uvilinganishe na mwili wako. Chapa ya Hokusai ya wimbi la Kanagawa, ya 1830–1833, ina takriban sentimita 25 kwa 37, unaishika mikononi. Las Meninas ya Velázquez, ya 1656, inazidi mita 3 kwa kimo, na watu wake wanakaribia ukubwa wa mtu halisi. Andika neno moja: mkononi, kifuani, ukutani, jengo.

Dakika 15 soma chanzo kimoja. Kimoja tu. Dakika 10 andika kadi: mbele picha peke yake, nyuma jina, msanii au utamaduni, tarehe, malighafi, halafu sentensi mbili zenye "kwa sababu" ndani yake, zinazofunga unachokiona na dhima ya kitu. "Augustus yu peku kwa sababu miungu na mashujaa huonyeshwa hivyo" ni sentensi ya kadi. "Augustus alikuwa mtawala mashuhuri" si sentensi ya kadi. Kadi ikizidi maneno 60 haitarudiwa kamwe.

Dakika 5 za mwisho si za kazi ya leo. Chukua kadi tatu: ya jana, ya wiki iliyopita, na moja ya eneo ulilomaliza zamani. Sema nyuma yake kwa sauti kabla ya kugeuza. Hizi ndizo dakika zinazoponya kasoro ya njia ya maeneo, na ndizo za kwanza kukatwa siku ukichelewa. Ukichelewa, kata dakika za kusoma.

Mchanganyiko tunaoupendekeza

Kwa asiye na msingi na mwenye wiki 30: fuata maeneo, lakini usianze na Ulaya. Anza na dunia kabla ya maandishi, kisha Pasifiki, Afrika, wenyeji wa Amerika. Hizo ni kazi 50, karibu wiki sita, na zinakufundisha kuuliza kitu kilitumika vipi kabla hujazoea kuuliza nani alikichora. Fuata na Asia zote mbili. Mediterania na Ulaya zije baadaye, na ndani yake ufuate miaka, kwa sababu hapo ndipo mnyororo kama ule wa makuba unaonekana. Sanaa ya leo iwe mwisho.

Tangu siku ya kwanza, bandika karatasi ndefu ukutani: kila karne upana wa kiganja, mistari mitano ya mlalo kwa Afrika, Amerika, Asia, Ulaya na Pasifiki. Kila kazi ipate nukta na jina. Vitu vya kabla ya 1000 KK vibane kwenye karatasi ya pembeni, la sivyo ukuta hautatosha.

Kuanzia wiki ya 7, kila kipindi cha tano kiwe cha jozi: kazi mbili za maeneo tofauti, mada moja, sentensi tatu. Ya kwanza iseme ufanano, na mbili zinazofuata zieleze tofauti na sababu yake. Uwiano huo wa moja kwa mbili tunausisitiza, kwa sababu ndio unaozuia "zote zinaonyesha mamlaka".

Ukiwa bado unasita kati ya njia mbili, zijaribu badala ya kuendelea kulinganisha. Chagua kazi 16 usizozijua. Wiki ya kwanza soma 8 kwa njia moja, wiki ya pili 8 kwa njia nyingine, dakika 35 kila moja. Acha siku saba bila kuzigusa zozote. Siku ya nane chukua karatasi tupu na uandike kila unachokumbuka kuhusu zote 16, bila kadi. Hesabu mambo mawili kwa kila kundi: tarehe zilizoangukia karne sahihi, na sentensi za "kwa sababu" ulizoweza kurudia. Kundi lenye tarehe nyingi lakini sababu chache linaonyesha njia iliyokusaidia kukariri. Kundi lenye sababu nyingi na tarehe zilizopotea linaweza kurekebishwa kwa ile karatasi ya ukutani, hivyo hesabu zikigongana, chagua hilo.